Kielelezo cha Kumi na Nne

Jumatano, mchana

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na wifi na wanangu watatu, ambao najua hadi barua hii ifike watakuwa wamerefuka tena bila kuniomba ruhusa. Kichwa kinaendeleaje? Yale maumivu ya asubuhi yamepungua, au bado unajikaza mbele ya watu na kujifunga kitambaa wakiondoka? Na magoti ya Mama je? Watu huandika kwamba wao ni wazima na hofu ni kwa anayeandikiwa. Mimi mwili ni mzima, lakini hofu safari hii iko pande zote mbili.

Najua mmenikasirikia. Dada mkubwa alinipigia wiki iliyopita akanisema mpaka simu ikapata moto sikioni. Alisema nimekuwa mtu wa majibu ya mkato, nikiulizwa habari za kazi nasema nzuri, nikiulizwa nzuri vipi nasema nzuri tu, na kwamba bila shaka nimeanza kuona familia hainifai tena. Nilimsikiliza nikiuma meno. Sina majivuno yoyote, Kaka. Nilikuwa na jambo nililokatazwa kulisema, na mtu aliyefaa kuambiwa alikuwa wewe.

Mama ameniambia kwamba tarehe ishirini utakwenda ofisi ya ukaguzi wa mitambo kurudisha cheti chako cha kuendesha boila la mvuke kwa hiari, na kutia sahihi kwamba hutaomba kurudishiwa maisha yako yote. Anasema shati la kwenda nalo umeshalipiga pasi. Nakusihi, usiende kabla hujaisoma barua hii hadi mwisho. Isome peke yako kwanza, pale kwenye benchi lako la kuzibia matairi ya baiskeli, halafu ndipo umwite wifi. Ningeweza kupiga simu, lakini simu yako hupokelewa na nyumba nzima, na isitoshe maneno ya simu hayawekwi juu ya meza ya mkaguzi.

Mwezi uliopita niliitwa kufanya ukalimani kwenye usuluhishi wa biashara. Kama hujawahi kuusikia, ni kitu kama korti ya kukodi. Kampuni mbili za nchi mbili zikigombana, haziendi mahakamani ambako yeyote anaweza kuingia akakaa benchi la nyuma. Zinachagua wasuluhishi wao watatu, zinakodi chumba, zinafunga mlango. Kinachosemwa mle ndani hakitoki nje. Hata kuwepo kwa ugomvi wenyewe ni siri. Mlangoni kwetu walibandika kibao cha Mafunzo ya Wafanyakazi, Tafadhali Kimya, na kwa siku tatu watu wa ofisi za jirani walitupita wakituonea huruma kwa kusomeshwa uzeeni.

Nilitia sahihi kiapo cha siri cha kurasa nne kabla hata sijaambiwa kesi inahusu nini. Nyaraka nilipewa asubuhi ileile ya kuanza, na majina yote yalikuwa yamefutwa kwa wino mweusi. Kampuni zilikuwa Upande wa Kwanza na Upande wa Pili. Watu walikuwa Meneja, Mhandisi, Mwendeshaji wa Kwanza, Mwendeshaji wa Pili. Nililalamika kwa karani wa kituo kwamba mkalimani hawezi kufanya kazi kwa kupapasa gizani hivyo; akanijibu kwa upole ule wa mtu asiyekusikiliza kwamba ndio utaratibu. Kila siku tukimaliza, huyohuyo karani alipita na mfuko wa turubai akikusanya karatasi zetu, hata vile vijikaratasi ninavyochorachora ili nisisahau sentensi ndefu, akazitia kwenye mashine ya kuchana mbele ya macho yangu. Siku ya pili nikamtania kwamba achukue na kichwa changu basi. Hakucheka.

Sasa kuna jambo moja la kazi yetu ambalo lazima ulijue, la sivyo hutaelewa kilichonipata. Mkalimani hasemi kwamba shahidi anasema hivi au vile. Mkalimani husema kama yeye ndiye shahidi. Shahidi akisema nilikunywa chai, nami nasema nilikunywa chai, kwa lugha ya pili, kwa sauti ileile, nikiwa nimekaa kiti cha pembeni mwake. Na ikitokea nataka kujisemea mwenyewe, siwezi kusema mimi, kwa sababu neno mimi nimeshamwazima mwingine. Nasema: mkalimani anaomba maji, mkalimani hakusikia vizuri. Miaka kumi na moja nimefanya hivyo na sijawahi kuchanganya.

Siku ya kwanza, kabla ya mapumziko ya chai, niliona kitu kwenye skrini kikanifanya nimtambue Mwendeshaji wa Pili ni nani. Kitu gani, nitakuambia chini huko. Mkono bado haujakubali kukiandika. Pale pale nilipaswa kunyosha kidole, nikatamka kwamba kuna mtu humu ninayemfahamu, na nikaondolewa kwa heshima zangu. Kanuni iko wazi, hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaijua. Sikunyosha. Nilitaka kusikia. Usiku nilimwambia shemeji yako kwamba nimechoka tu, na kesho yake nikarudi kwenye kiti changu kama mtu aliyeitwa na kitu.

Siku ya tatu akaingia meneja wa Upande wa Kwanza kutoa ushahidi. Mtu mnene wa sauti nyembamba, anafuta miwani kila akiulizwa jambo. Alizungumza lugha yetu, mimi nikawapelekea wasuluhishi kwa lugha yao. Tulikwenda vizuri karibu saa nzima. Halafu akafika kwenye habari za Mwendeshaji wa Pili, akasema mwendeshaji alifanya hivi na hivi, nami nikafungua kinywa, kwa sauti ya utulivu kabisa, nikasema: kaka yangu alifanya hivi na hivi.

Sikujua. Naapa, Kaka, sikujisikia nikilisema. Nilijua pale wakili wa Upande wa Pili aliporuka kitini kama aliyekalia kaa la moto. Akauliza swali, nami kwa mazoea nikageuka nikamtafsiria meneja kwamba umekiri sasa hivi kuwa aliyekuwa zamu ni ndugu yako, kwa nini hukulitaja hilo kwenye maelezo yako ya maandishi.  Meneja akajibu kwamba ndugu yake ni mmoja tu, ni mwalimu wa hesabu, na hajawahi kukanyaga kiwandani. Nikalitafsiri hilo nalo. Wakili akaona sasa amemkamata mtu anayeficha jambo, akaanza kumwuliza huyo mwalimu wa hesabu anaishi wapi. Mwalimu wa watu anaandamwa na hajui, na mimi ndiye niliyemwingiza.

Ndipo nikanyosha mkono. Nikasema mkalimani anaomba kusahihisha: shahidi alisema mwendeshaji, hakusema kaka yangu. Mwenyekiti wa wasuluhishi, mama mtu mzima mwenye nywele nyeupe zilizokatwa fupi, akashusha kalamu akaniuliza taratibu huyo kaka basi ametokea wapi. Chumba kizima kikanitazama. Nikajibu kwamba kaka ni wa mkalimani.

Waliniondoa kabla ya chakula cha mchana. Sikuwalaumu, walikuwa na haki. Kilichoniunguza ni kilichofuata. Nilimwandikia mwenyekiti nikaomba jambo moja tu: ukurasa mmoja, wa kielelezo kimoja, apewe mtu ambaye ukurasa huo unamhusu kuliko mtu yeyote mle chumbani. Sikuomba kesi nzima, wala siri za biashara zao. Akaniita mbele ya mawakili wa pande zote mbili. Alisema, na naamini alisema kweli, kwamba moyo wake uko nami, lakini siri si yake, ni ya wenye kesi, na mpaka wote wawili wakubali hana anachoweza kufanya.

Akawauliza. Wakili wa Upande wa Pili, yaani watengenezaji wa mtambo, alikataa akisema mitambo ya aina ileile wameiuza kwingi na hawataki maneno. Wakili wa Upande wa Kwanza, yaani kiwanda, alikataa akisema suala hilo la mfanyakazi lilishafungwa. Siku tatu walikuwa wakirushiana maneno kama wake wenza, hawakubaliani hata dirisha lifunguliwe au lifungwe. Kwa hilo moja walikubaliana mara moja! Nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi nikalia kwa hasira, mtu mzima mimi, na mlinzi akaniuliza kama mafunzo yalikuwa magumu.

Wiki iliyofuata nilikwenda kurudisha beji yangu. Karani akanidokeza kwamba hakuna kikao tena, pande mbili zimeelewana na kesi imefungwa. Hakutakuwa na hukumu. Kumbukumbu zote zinatiwa kwenye masanduku na kufungwa lakiri. Akanikumbusha, kwa upole wake uleule, kwamba kiapo changu hakina mwisho. Nikamwuliza, kama mtu anateseka kwa jambo ambalo hakulifanya, na ushahidi uko ndani ya sanduku hilo, utaratibu unasemaje. Akasema hajui, akaniomba niweke sahihi kwamba beji imerudi.

Nimekaa na jambo hili siku kumi na tisa. Nimejaribu kila njia iliyonyooka. Chama chetu cha wakalimani kimeniambia nisithubutu. Rafiki yangu mwanasheria amesema sheria ina mianya kwa wenye kesi wakitaka kulinda haki zao, lakini mimi si mwenye kesi, mimi ni mdomo tu. Neno hilo limeniudhi hadi leo. Basi mdomo umekata shauri, na sasa nasema.

Kwenye skrini walionyesha ukurasa wa daftari la zamu. Jina lilikuwa limefutwa kwa wino, ila mwandiko hawakuufuta. Niliona saba zilizokatwa kiunoni kwa mstari, kama Baba alivyotufundisha pale mezani na rula yake mkononi. Niliona herufi zako zilizolala kushoto. Daftari lile walilokuambia liliungua siku ya mlipuko, Kaka, halikuungua. Lina doa la maji pembeni, basi. Ni kielelezo cha kumi na nne.

Nimeusoma ukurasa ule kwa sauti, kwa lugha mbili, na maneno yake hayajanitoka. Umeandika hivi: Saa tatu na dakika ishirini, geji ya presha inaganda, nimempigia meneja, amesema endelea. Kisha: Saa tatu na dakika hamsini, geji imeganda tena, nimempigia mara ya pili, nimeomba kuzima, amesema endelea. Kisha: Nimemwambia fundi bomba asogee mbali na upande wa valvu. Baada ya hapo hakuna kitu, na kutokana na waliyosema wahandisi, boila lilipasuka dakika nne baadaye. Yale aliyosema meneja, yale niliyoyatamka mimi kwa kinywa changu, ni haya: kaka yangu alinipigia simu mara mbili akitaka kuzima, nami nikamwambia aendelee, kwa sababu kitabu cha mtambo kinasema geji kuganda kidogo ni kawaida.

Na ngoja nikuambie linalonikosesha usingizi kuliko yote. Wakili wa kiwanda, kiwanda hikihiki kilichokufukuza, alisimama siku ya kwanza akawaambia wasuluhishi kwamba Mwendeshaji wa Pili alikuwa mtu makini, mwenye miaka ishirini kazini bila doa, na kwamba siku ile hakukosea hata kidogo, kosa lote ni la waliotengeneza geji. Alikusifu mpaka nikasikia machozi. Nje ya mlango wewe ni mzembe aliyesinzia kazini akamwunguza mwenzake mkono. Ndani ya mlango wewe ni shujaa wao. Wanauma huku wanapuliza kule, na mlango ukiwa umefungwa hakuna anayeweza kuwauliza ni lipi kati ya hayo mawili.

Kila Jumamosi unakwenda kwa fundi bomba kumtengenezea hiki na kile, mkewe anakukaribisha kwa adabu, na hakuna anayemtazama mwenzake usoni. Nenda Jumamosi hii pia. Mweleze kwamba kabla ya mlipuko ulimwambia asogee, na pengine ndiyo maana alipoteza matumizi ya mkono tu na hakupoteza uhai. Asubuhi ile ilifutika kichwani mwako, lakini wewe mwenyewe uliiandika.

Limebaki moja, na hili si siri ya kampuni yoyote, ni yangu. Unakumbuka hospitalini, kichwa kimefungwa bandeji, watu wa kiwanda walipoleta ile karatasi ya kukiri. Ilikuwa kwa lugha ya kigeni, na hapakuwa na mwingine wa kuisoma ila mimi. Nilikusomea kwamba ulisinzia. Ukaniuliza kama ninaamini ulisinzia. Mimi nikakujibu kwamba mtu akichoka huwa hajijui, tia sahihi Kaka, tumalize, upumzike. Wewe hukukumbuka chochote, ulikuwa unaniuliza mimi, na ukatia sahihi kwa sababu yangu. Hawakuhitaji kukushawishi, kazi hiyo niliwafanyia mimi. Na si kwamba nilikuwa nimechanganyikiwa tu siku ile. Niliamini. Miaka miwili nimeamini kwamba kaka yangu alilala kazini, na nilimwambia Mama hivyo, na nilimwambia Dada hivyo, kwa sauti ya huruma. Nisamehe. Kama huwezi kunisamehe sasa, niweke kiporo, lakini cheti usikirudishe.

Tarehe ishirini nenda, na shati lako vilevile, ila usitie sahihi karatasi yoyote. Waambie wakaguzi walitake daftari la zamu la asubuhi ile kutoka kiwandani, wao wana mamlaka hayo. Wakijibiwa kwamba liliungua, weka barua hii mezani, waseme wanataka kielelezo cha kumi na nne. Waulize pia kuhusu geji za aina ile kwenye viwanda vingine, maana kuna watu wamesimama mbele ya geji hizo hivi sasa. Yatakayonipata mimi nimeshayahesabu. Watanifutia usajili, na huenda wakanipeleka kortini, korti ya kweli yenye benchi la nyuma ambako yeyote anaweza kuja kusikiliza. Mje tu.

Barua hii ataileta shemeji yako mwenyewe mkononi. Nimemwambia asiikabidhi kwa mwingine na hajui kilichomo, kwa hiyo usimsumbue kwa maswali. Nisalimie wifi, umwambie avumilie, nitakuja mwenyewe kumwomba radhi. Wabusu watoto, na mkubwa mwambie shangazi yake anataka kuona daftari lake la hesabu. Mama msomee sehemu ile ya saa tatu na dakika ishirini, umsomee mara mbili. Dada mwambie nimeshajibu swali lake.

Nimetia sahihi yangu kamili hapa chini, pamoja na namba ya kitambulisho changu cha kazi, ili yeyote atakayetaka kujua nani kasema asipate shida ya kutafuta. Na mara hii, Kaka, neno mimi ni langu mwenyewe: mimi nasema hukulala.

Ni mimi mdogo wako,
mkalimani wa kikao kile, kiti cha pembeni mwa shahidi
(sahihi, na namba ya kitambulisho cha kazi)